Gitaa, Amplifaya na Pedali: Fedha Itangulie Wapi?

Huenda baadhi ya walimu wenzangu wakashangaa kuikuta mada ya ununuzi wa vyombo vya muziki katika kurasa ambazo kwa kawaida hushughulikia ngeli, methali na uhakiki wa riwaya. Sababu yangu ni nyepesi. Katika miji hii miwili iliyopakana, Gisenyi upande wa Rwanda na Goma upande wa Kongo, kijana hukisikia Kiswahili kabla hajakutana nacho darasani, na sehemu kubwa ya kile kinachoingia sikioni mwake ni nyimbo. Tangu Kiswahili kilipopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, tumezungumza sana juu ya vitabu na mitihani, nasi tumefanya vyema. Lakini wimbo ambao maneno yake hayasikiki ni kitabu kilicholowa maji. Na maneno ya wimbo kusikika au kumezwa ni jambo ambalo aghalabu huamuliwa dukani, siku ile fedha inapogawanywa baina ya gitaa, amplifaya na zile pedali ndogo za kukanyaga kwa mguu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyokuwa nikifundisha, wazazi walichanga fedha ili wanafunzi wapate bendi. Iliundwa kamati ya watu watatu, nami nikawa mmojawapo kwa kuwa nilikuwa mlezi wa maigizo na nyimbo. Tulivuka hadi Goma tukiwa na bahasha yetu. Zaidi ya nusu ya fedha ikaishia katika gitaa moja la umeme, jekundu, linalong'aa kama gari la harusi. Kijana wa dukani alipotuonyesha pedali mbili, moja ya mwangwi na nyingine ya kukwaruza sauti, tukazichukua zote mbili, maana alizijaribu mbele yetu kwa ustadi mkubwa katika amplifaya ya duka, ambayo ilikuwa na kimo cha meza. Kilichosalia kilitosha amplifaya ndogo ya kufanyia mazoezi chumbani. Maikrofoni hatukununua, tuliazima.

Siku ya kufunga mwaka, msichana wa mwaka wa tano aliimba utenzi alioutunga mwenyewe, beti sita, juu ya mama avukaye mpaka kila alfajiri akiwa na kapu la nyanya kichwani. Nilikuwa nimeusahihisha utenzi ule, na nakiri kwamba palikuwa na ubeti mmoja ambao sikuthubutu kuugusa kwa jinsi ulivyokuwa mzuri. Mpiga gitaa akakanyaga pedali zote mbili. Amplifaya ndogo ikapigwa hadi mwisho wa uwezo wake, ikaanza kukoroma. Watu walipiga makofi, kwa sababu watu wetu ni waungwana. Baada ya sherehe mama yake yule binti, ambaye ndiye aliyeimbwa, alinijia akanisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza: “Mwalimu, mwanangu ameimba kwa lugha gani?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niutazame upya mgawanyo wetu.

Yafaa kwanza tukumbuke kila chombo hufanya kazi gani. Gitaa la umeme, likiachwa peke yake, halina sauti ya kumwamsha hata mtoto aliyelala. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, umeme mdogo sana huzalika katika waya huo. Amplifaya huukuza umeme ule, na spika huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Pedali hukaa katikati, ikiubadilisha umeme kabla haujafika kwenye amplifaya. Kwa hiyo msikilizaji aliyeketi ukumbini halisikii gitaa kamwe. Anachokisikia ni spika. Gitaa la bei kubwa likisemea katika spika dhaifu ni sawa na msomaji hodari wa mashairi aliyefungwa kitambaa mdomoni. Haya yote tungeweza kuyajua kabla ya kuvuka mpaka. Lakini gitaa huonekana, hushikwa, hupigwa picha. Amplifaya ni sanduku jeusi, na kamati hununua kwa macho.

Hata hivyo sitaki kuikimbilia hukumu ya kwamba amplifaya itangulie daima, kwa sababu historia ya gitaa katika Kiswahili inaanza na mtu ambaye hakuwa na amplifaya wala pedali. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda akipiga “Masanga”. Gitaa moja, la kawaida, vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole gumba kikishika nyuzi nene, cha shahada kikicheza na nyuzi nyembamba, na mstari wa chini ukienda njia yake huku wa juu ukienda yake. Wanamuziki wasomi wa Ulaya waliuandika wimbo huo nota kwa nota ili kuelewa mkono mmoja uliwezaje. Wengi husimulia kisa hiki ili kusema kwamba vyombo si kitu, mkono ndio kila kitu. Mimi nadhani wanasahau nusu ya habari. Mwenda alikuwa na maikrofoni iliyo bora na mashine ya kurekodia iliyo bora, ila zilikuwa za Tracey. Gharama ya kuifikisha sauti kwa msikilizaji ililipwa. Haikulipwa tu na mpiga gitaa. Na tukitazama zaidi, kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliyouza sahani zake ndiyo pia iliyouza magitaa ya bei nafuu yenye jina la Gallotone. Waliokuuzia hamu ya kupiga walikuuzia na cha kupigia. (Gitaa la kwanza la John Lennon, kijana wa Liverpool, lilikuwa la Gallotone vilevile; bidhaa za rahisi husafiri mbali.)

Umeme ulipoingia katika magitaa ya Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo Mbelgiji Bill Alexandre anatajwa miongoni mwa waliolileta gitaa la umeme katika studio za huko, mkono mmoja ukagawanyika ukawa mikono mingi. Kazi ambayo Mwenda aliifanya peke yake sasa iligawiwa solo, rizimu na besi, na baadaye likaongezwa gitaa la kati ambalo Wakongo huliita mi-composé. Hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu gitaa hilo la kati ni funzo la uchumi. Sauti yake nyembamba, yenye kumetameta kati ya solo na rizimu, haitokani na pedali. Mpigaji huuondoa uzi wa nne, ule mnene wa re, akaweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktava moja juu zaidi. Gharama yake ni uzi mmoja. Kwa uzi huo mmoja bendi nzima hupata rangi ambayo pedali ya bei kubwa huiigiza kwa shida.

Tena, mtindo huu wa Kongo una mahitaji yake katika sauti, na hapo ndipo pedali yetu ya kukwaruza ilipotuponza. Mpiga solo wa sebene hupenda kupiga sauti mbili kwa pamoja, ya pili ikiambatana na ya kwanza kwa umbali wa tatu au wa sita katika ngazi ya muziki. Pedali ya kukwaruza hukata vilele vya mawimbi ya sauti na kuzaa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzikusudia. Sauti moja ikipita humo hunenepa, na huweza kupendeza mno. Sauti mbili zikipita pamoja huzaa vurugu, kila mojawapo ikimkanyaga mwenzake. Wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza walioipenda pedali hiyo hupiga zaidi sauti moja moja, au zile zinazokubaliana sana, kwa hiyo hawaathiriki. Sisi tulinunua dawa ya ugonjwa wa jirani. Na juu ya vurugu hiyo akawekwa mtoto wa watu aimbe beti sita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wahakiki wa muziki wa dansi hulipita haraka, nalo ni kwamba kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki mpiga gitaa hakuulizwa fedha igawanywe vipi. Fedha haikuwa yake. Tanzania, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, vya jeshi, vya polisi, vya kiwanda. Bendi ya NUTA ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilibadilika kila jina la mwajiri lilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka hatimaye wengi wakaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Palipokuwa na mtu binafsi, mambo hayakuwa tofauti sana. Remmy Ongala, aliyezaliwa mashariki ya Kongo mwaka 1947 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2010, aliwaimbia maskini kwa Kiswahili chenye makali ambayo walimu hatukumpa haki yake. Lakini bendi yake, Super Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Mshairi wa wanyonge alisimama jukwaani chini ya jina la mwenye amplifaya. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa nani hasa husemwa kuwa mwenye wimbo.

Lugha yetu yenyewe imeihifadhi hali hiyo. Mwanamuziki wa dansi husema “vyombo” bila kuongeza neno, na kila mtu akaelewa kuwa ni magitaa, ngoma, amplifaya na spika kwa jumla. Na “mwenye vyombo” ni cheo kinachoogopwa kuliko “kiongozi wa bendi”. Mpigaji alipohama bendi alihama na vidole vyake tu. Gitaa aliliacha likining'inia. Nadhani, na hili ni wazo langu tu, kwamba ndiyo sababu wapigaji wa kizazi kile wanatambulikana kwa mguso hata pale tunapozisikia rekodi zilizofifia: walilazimika kuiweka sahihi yao mahali ambapo mwenye vyombo hakuweza kuifungia stoo.

Upande wa pili wa shauri hili wapo watu wa Kinshasa wanaonilazimisha nipunguze ukali. Kundi la Konono No. 1, la mzee Mingiedi, liliitia likembe umeme kwa vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, likapeleka sauti katika spika za zamani za kutangazia. Sauti ilipasuka vibaya, nao wakaipenda hivyo, na albamu yao “Congotronics” ya mwaka 2004 iliwafikisha mbali. Je, si ukwaruzaji uleule niliokwisha kuulaumu? Siyo uleule. Likembe, kwa asili, mara nyingi hufungwa vikuku vya waya kwenye vijiti vyake ili iungurume. Msikilizaji wake huutarajia mngurumo huo kama sehemu ya sauti iliyo kamili. Spika mbovu iliendeleza jambo lililokuwapo. Vivyo hivyo kwa Staff Benda Bilili, ambao katika albamu yao ya mwaka 2009 kijana Roger Landu anasikika akipiga satonge, kopo la bati lenye kijiti na uzi mmoja. Katika makundi haya gitaa, au kilicho badala ya gitaa, halikugharimu karibu chochote, na akili yote ikaenda katika kuikuza sauti. Kwa bahati mbaya mfano huu hunukuliwa na watu wanaotaka kuwauzia maskini umaskini wao, kana kwamba kopo ni chaguo. Konono hawakukataa vyombo bora, hawakuwa navyo.

Hayo niliyaandika katika daftari langu muda mrefu, nikiamini kwamba nimekwisha kufikia kanuni: amplifaya na spika kwanza, gitaa la wastani baadaye, pedali mwisho kabisa au zisinunuliwe. Mwanafunzi wangu wa zamani ndiye aliyeivuruga kanuni hiyo.

Kijana huyu hupiga gitaa katika makanisa mbalimbali ya mjini, na katika harusi. Nilimkuta ameketi nje ya kanisa, mgongoni gitaa, mkononi mkoba mdogo. Nikamuuliza amplifaya yake iko wapi. Akacheka kwa adabu. “Mwalimu, mimi napanda pikipiki,” akasema, “amplifaya nitaipakata?” Akafungua mkoba akanionyesha pedali moja, pana kama kitabu cha sala, ambayo ndani yake zimo sauti za mwangwi, za kukwaruza na nyinginezo, na pia uigizaji wa amplifaya nzima pamoja na spika yake. Akifika kanisani huchomeka waya katika mashine ya kuchanganyia sauti, na spika za kanisa humfanyia kazi. Fedha yake, kama nilivyoelewa, ilikwenda hivi: sehemu kubwa katika pedali hiyo, sehemu ndogo katika gitaa lililokwisha kutumika, na sehemu ya tatu, ambayo mimi nisingeifikiria, kwa fundi aliyelisawazishia vile vyuma vya shingoni ili lisitoe sauti za uongo, pamoja na nyuzi mpya ambazo huzibadilisha kabla hazijashika kutu kwa unyevu wa ziwani.

Nikamwambia kwamba pedali humeza maneno. Hakubishana nami, aliniomba niingie nisikilize ibada. Niliketi nyuma, karibu na mlango. Nilichokiona, kwa kuwa nilimtazama mguu badala ya vidole, ni kwamba kila mwimbaji alipofungua kinywa mguu ulizima mwangwi, na gitaa likabaki kavu, fupi, likitembea chini ya sauti ya mtu. Ubeti ulipokwisha mguu uliwasha, na gitaa likapanuka kujaza nafasi iliyoachwa. Alikuwa akitumia pedali kama tunavyotumia alama za uandishi. Sikupoteza neno hata moja la wimbo ule, na ulikuwa wimbo wenye maneno mengi.

Kwa hiyo kanuni yangu imenisambaratikia mkononi, japo si yote. Kijana yule ametangulizwa na kanisa: spika zilikuwapo, kama mashine ya Tracey ilivyokuwapo kwa Mwenda. Yeye pia ana mwenye vyombo wake, ila huyu wa sasa hamnyimi jina. Zaidi ya hapo yeye hujua neno lipo wapi katika wimbo. Pedali haikumfundisha hilo. Shule ya muziki iliyoanzishwa Nyundo, hapa wilayani Rubavu, mwaka 2014, kabla ya kuhamishiwa Muhanga, ilitoa wapigaji hodari ambao majukwaa ya Kigali yanawajua. Lakini hata mpigaji hodari, akilelewa na nyimbo ambazo lugha yake haijui vema, hujifunza kuliona neno kama kizuizi cha solo. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa lugha inapoingia, na sioni kwa nini tumwachie muuza duka.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza. Nimetumia “amplifaya” na “pedali” kwa makusudi. Najua wapo watakaopendelea “kikuza sauti” na “kikanyagio”, nami siwapingi darasani. Ila wapigaji wenyewe wameshaamua, na makala inayohakiki kazi yao kwa maneno wasiyoyatumia haitasomwa nao. Neno ambalo lingefaa kutafutiwa Kiswahili kizuri ni lile la sauti kavu, isiyotiwa mwangwi wala mkwaruzo, kwa sababu ndiyo sauti ambayo utungo wetu unaihitaji zaidi, na vijana huieleza kwa mkono tu, wakiufungua kiganja hewani.

Mwaka huu, katika shule nifundishayo sasa, wazazi wamechanga tena, na nimeitwa tena katika kamati. Nimependekeza fedha ianze na sauti ya mtu: maikrofoni mbili imara na spika zinazotosha uwanja wetu, ambazo gitaa nalo litapitia humo humo, kisha gitaa la pili la mkono wa fundi tunayemwamini, kisha seti tatu za nyuzi, na kama kitasalia kitu, pedali moja ya mwangwi, kwa sharti kwamba mpigaji aujue utenzi kwa moyo kabla hajaruhusiwa kuikanyaga. Mwenzangu katika kamati, mwalimu wa hesabu, ameuliza swali ambalo sijapata jibu lake: bila gitaa linalong'aa, ni mtoto yupi atakayejiandikisha katika bendi? Ametaja lile jekundu la shule ya zamani, ambalo nasikia bado linapigwa. Kikao kimeahirishwa hadi Jumatano.